Msiba Usio na Matanga

Walokole wa kwanza wamekwisha kufa, karibu wote. Siwasemi watu wote waliookoka wakaacha bia. Nawasema wazee wa ule Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukavuka mto Kagera ukaingia Ngara, Biharamulo na Bukoba, ukapanda hadi Kabete kule Kenya, na kila ulipopita watu wakaitana ndugu na kuwa ndugu kweli. Wamezikwa na watoto wao kwa heshima, wengine chini ya marumaru. Hao nimewalia. Kinachonishinda kukililia ni kitu kingine kilichoondoka pamoja nao, maana sijui kiliondoka siku gani.

Kufiwa na mtu tunakujua. Turubai litafungwa, daftari la rambirambi litazunguka, matanga yataanuliwa. Lakini imani ya namna fulani ikifa, nani anapeleka taarifa? Makanisa yamejaa. Ibada ni tatu kila Jumapili, na magari hayapati pa kuegeshwa. Nikimwambia jirani yangu wa benchi kwamba humu ndani kuna msiba, ataniuliza: nani kafa?

Wala imani hiyo haikuporwa. Hakuna mtawala aliyetufungia milango, hakuna askari aliyesimama mlangoni na kuuliza majina. Iliondoka kama maji ya mtungi mkongwe: hayakumwagika, yalipenya, na nje ya mtungi palikuwa na ubaridi mzuri ambao sote tuliufurahia.

Nikiutafuta mwanzo, nafika Gahini, kilima kinachotazama ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda. Palikuwa na hospitali ya misheni, na mwaka 1928 na 1929 palikuwa na njaa kali. Daktari Mwingereza, Joe Church, alichoka mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika. Huko Namirembe, Septemba 1929, akakutana na Simeon Nsibambi, Mganda wa ukoo mkubwa, mwenye ardhi na kazi serikalini. Wakakaa na Biblia siku mbili. Kila mmoja alikuwa na hisia kwamba ana kitu kilichopungua, na hakuwa amepata wa kumwambia. Baadaye Nsibambi akaiacha kazi.

Mtu huyu ananisumbua. Hakuwa fukara aliyemkimbilia Mungu kwa kukosa kwingine kwa kukimbilia. Alikuwa na nafasi yake, na kanisa lake lilikuwa na nafasi yake. Katika Buganda ya siku zile Uanglikana ulikuwa dini ya wakubwa. Mtu aliweza kubatizwa, kusoma, kupata cheo, kuoa kwa kengele na kuzikwa kwa kengele, na imani isimgharimu kitu. Kumbe jamii iliyostarehe katika Ukristo wake haikuanzia kwetu. Ilikuwepo Namirembe kabla ya lami. Ndani ya starehe hiyo mtu mmoja alisikia njaa, na hatujui kwa nini ni yeye na si aliyeketi kando yake.

Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini. Alikuwa akijiandaa kwenda kuiambia sinodi ya kanisa la Uganda kwamba kanisa limelala. Januari 1936 homa ya papasi ikamuua kabla hajasema, na waliobaki wakalibeba neno lake. Mwaka 1941, chuo cha theolojia cha Mukono kikawafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, kwa kuwa hawakukubali kunyamazishwa. Kanisa lililostarehe halipendi kuamshwa alfajiri, na hao walikuwa watu wa kuhubiri alfajiri.

Babu mzaa mama aliokolewa Bukoba, mkulima wa kahawa. Kabla ya hapo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa Mkristo wa daftari: jina limo katika kitabu cha ubatizo, basi. Alipookoka alikwenda kwa karani wa kahawa kumwambia kwamba msimu fulani alichanganya kahawa ambayo haijakauka ndani ya gunia ili mizani ivute. Fedha alizibeba mkononi, amezifunga katika kitambaa. Karani alifungua daftari, akapekua, akalifunga. Palikuwa na safu ya mauzo, safu ya makato, safu ya mikopo. Safu ya wizi uliorudi haikuwepo. Akamwambia mzee aje kesho. Babu akaja kesho, akaja keshokutwa, mpaka karani akazipokea zile fedha kwa hasira ili apumzike.

Hadithi za namna hii zimejaa kila Uamsho ulikopita. Watu walirudisha shuka za hospitali, walirudisha ng'ombe, walijipeleka kulipa kodi walizokwepa, na maofisa wa kikoloni wakabaki wameduwaa. Sisi wajukuu huzisimulia kwa kucheka, na zinachekesha kweli. Ila nikisha kucheka najiuliza: mtu anayefanya hivyo anakuwa amepoteza nini?

Amepoteza siri yake. Amepoteza lile pazia ambalo kila mmoja wetu analifunga asubuhi kabla ya kutoka nje. Katika ushirika wao wa kila wiki mtu alisimama na kusema, ndugu huyu nimemwonea wivu kwa baiskeli yake. Na mwenye baiskeli yupo pale, anasikiliza, anajua zamu yake inakuja. Hilo waliliita kutembea nuruni. Watu ambao wamekwisha kuambiana hivyo hawana tena cha kufichana, na asiye na cha kuficha anaweza kubisha hodi kwa mwenzake saa nane za usiku, mtoto akiwa na homa, bila kuomba radhi.

Sitaki kuwapamba. Nuru ile iliunguza pia. Kukiri mbele ya watu kuligeuka mara nyingine kuwa mahakama. Wake waliaibishwa kwa dhambi za waume, na maneno yaliyosemwa mbele za Mungu yalikutwa kisimani jioni ileile. Aliyechelewa kulia alitiliwa shaka. Wamo walioumia humo, wakaondoka, na hawakurudi katika kanisa lolote. Hasara yao nayo ni hasara, na hakuna wa kuiombolezea.

Walokole wenyewe wakagawanyika. Mwaka 1971 kule Uganda baadhi ya ndugu, Yona Mondo akiwaongoza, walisema Uamsho wenyewe umelala na lazima uamke tena. Wakakataa madeni kwanza. Kisha orodha ikarefuka: bima, mavazi ya fasheni, na kwa wengine hata kufuga mbwa. Wasomi walicheka. Mbwa ana dhambi gani?

Nimekaa na swali la mbwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Mbwa mkali getini humwambia anayekuja, kabla hajasema jina, kwamba amekwisha kufikiriwa vibaya. Bima humwambia jirani kwamba siku ya shida hatahitajika. Mkopo wa benki huniwezesha kuwa na nyumba bila kumwomba mtu yeyote tofali. Wale wazee, kwa ukaidi wao usio na adabu ya kisomi, walikuwa wameona kwamba kila kinga ninayojinunulia inampunguza ndugu mmoja. Au hawakuliona hilo hata kidogo, na ni mimi ninayewavisha hekima kwa sababu wamekufa? Inawezekana. Wafu hawapingi.

Bima siiachi. Aliyewahi kusimama usiku mbele ya dirisha la mhasibu wa hospitali, mgonjwa yuko kwenye kiti cha magurudumu nyuma yake na simu inaishiwa chaji, hawezi kuniambia kwamba umaskini ni utakatifu. Bibi yangu alizika watoto wawili ambao leo wangepona kwa dawa za duka la dawa la mtaani. Sijasikia popote kwamba aliwahi kumshukuru Mungu kwa ukosefu wa dawa. Alichoshukuru ni kwamba usiku ule nyumba ilijaa watu.

Je, vinaweza kutenganishwa? Tunaweza kupata dawa na nyumba ikajaa watu? Natazama mtaa wetu huku Dar es Salaam: kuta zenye vipande vya chupa juu, nyaya za umeme, mlinzi mwenye kitabu cha wageni. Tuna kikundi cha simu cha jumuiya. Mtu akifiwa tunatuma mchango, na mhasibu anaweka orodha ya majina na kiasi. Ni utaratibu mzuri, hakuna anayesahauliwa. Hakuna pia anayelazimika kuvuka barabara.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi: starehe hii haikutoka kwa adui. Ilitoka kwao. Mlokole aliacha pombe, fedha ikabaki nyumbani. Alibaki na mke mmoja, shamba halikugawanyika. Alichukia uongo, wenye mali wakamwamini na kumpa kazi. Alitaka watoto wasome Biblia, wa kike na wa kiume, na mtoto anayesoma Biblia atasoma pia hesabu. Karne ya 18 kule Uingereza John Wesley aliliona jambo hili kwa Wamethodisti wake likamtia huzuni: dini huzaa bidii na uangalifu, bidii na uangalifu huzaa mali, na mali huila dini iliyoizaa. Hakupata njia ya kukikata kitanzi hicho zaidi ya kuwahimiza watu watoe kadiri wanavyopata. Walichuma. Katika kutoa walisuasua.

Simeon Nsibambi aliacha kazi ya serikali. Mwanawe, Apolo Nsibambi, msomi mwenye sifa njema, alikuwa Waziri Mkuu wa Uganda tangu 1999 hadi 2011. Silisemi kwa lawama. Baba gani asingefurahi? Nalitazama tu, jinsi kizazi kimoja kinavyoteremka ngazi kwa hiari na kinachofuata kikaipanda kwa haki, na wote wawili katika jina la Mungu yuleyule. Kuna kosa hapo? Na kama hakuna kosa, mbona nasikia kama kitu kimepotea kati ya baba na mwana, katika nyumba zetu zote, na hakuna anayeweza kusema kilidondoka wapi?

Tulipomzika bibi, nyumba yake ilitandikwa nyasi mpya kama desturi ya Wahaya inavyotaka, na nje palifungwa maturubai meupe yenye vitambaa vya zambarau. Kamati ilifanya kazi kubwa. Fulana zilichapishwa sura yake, ibada ilirushwa moja kwa moja kwa walio ughaibuni, na wasifu ulisomwa kwa kurasa, zaidi ukitaja shahada za watoto. Ndugu zake wa ushirika waliobaki walikaa benchi moja, pembeni, karibu na jenereta. Walipoanza wimbo wao wa Kiganda, ule ambao Waafrika Mashariki wa lugha zote waliuimba bila kukijua Kiganda, fundi wa mitambo alidhani ni kelele za jenereta, akaenda kukagua.

Kisha mzee mmoja akasimama bila kuitwa. Akasema, "Bwana asifiwe. Dada huyu tuligombana miaka miwili kwa ajili ya mpaka wa migomba. Alikuwa amekosea yeye, na mimi nilikuwa nimekosea. Usiku mmoja wa mvua akaja kwangu..." Mwongoza ratiba akamwendea taratibu, akamshika bega, akamwambia, "Babu, shikamoo, muda wetu ni mdogo, mheshimiwa anasubiri kusema." Mzee akasema, "Marahaba, mwanangu," akakaa. Sikupata kujua usiku ule wa mvua bibi alisema nini. Nilimfuata baada ya mazishi, lakini yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kupakiwa katika gari la kanisa kurudishwa kwao.

Nimefikiri kwamba hasara ninayoitafuta ilikuwa pale, katika sentensi ile iliyokatwa. Halafu nafikiri hapana, nalibebesha tukio dogo mzigo usio wake. Watu walikuwa na njaa, mvua ilikuwa inakuja, na ratiba ni ratiba.

Lipo swali jingine, nalo linaivuruga simulizi yangu yote. Nikisema starehe ndiyo iliyoiyeyusha imani, nitasema nini juu ya Rwanda? Januari 1964 mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho, aliuawa kule Nyamata, mahali ambapo Watutsi waliofukuzwa makwao walikuwa wamelundikwa. Alikuwa akiwahudumia. Wenzake walisimulia kwamba alikwenda kwenye kifo akiomba na kuimba. Nyamata hiyohiyo, Aprili 1994, watu walikimbilia kanisani wakauawa humo kwa maelfu. Kanisa lile sasa ni kumbukumbu, na mavazi yao yamo ndani. Gahini, kilima cha mwanzo wa yote, kiko katika nchi ileile. Hakukuwa na kiyoyozi pale. Hakukuwa na bima. Palikuwa na wabatizwa, kwaya, na mapanga.

Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na mto Kagera ukateremsha maiti hadi ziwani. Ni njia ileile. Wimbo ulikuja kwa njia ile miaka ya 1930, pamoja na watu waliokuwa wakirudisha ng'ombe wa wizi. Bibi yangu, wanavyosimulia nyumbani, aliacha kula samaki na hakusema neno la dini kwa majuma mengi. Ndugu zake wa Rwanda, aliokaa nao katika mikutano, wengine walikufa wakiwaficha watu. Wengine? Hakuna aliyemuuliza. Au walimuuliza na hakujibu.

Basi imani haipenyi kwa tundu moja. Inapotea katika kushiba na inapotea katika hofu. Na katika hofu hiyohiyo mtu mmoja anaonekana anayo, tena tele. Askofu mkuu Janani Luwum, aliyeokoka Januari 1948, aliuawa tarehe 16 Februari 1977 baada ya kuukabili utawala wa Idi Amin. Festo Kivengere, ambaye miaka ya 1940 alikuja Dodoma kama mwalimu, alitoroka yeye na mkewe kwa miguu kupitia milima ya Kigezi hadi Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Najua hata kabla ya kukifungua kwamba sitakielewa. Mimi sijawahi kumpenda hata aliyenifungia gari pale maegesho ya kanisani.

Labda imani kali inahitaji siku yake, na siku hiyo haijafika mlangoni kwetu. Au ilifika, ikamkuta mlinzi, ikaandika jina katika kitabu cha wageni, ikaambiwa mwenye nyumba amepumzika?

Kwenye Injili kuna yule mtu mwenye mali nyingi aliyeambiwa auze vyote. Mahubiri mengi humhukumu kwa kuwa alikataa. Mimi hunigusa kwamba aliondoka na huzuni. Alielewa. Hakusema kwamba maneno yale yana maana ya kiroho tu, hakuomba semina, hakuuliza kama inatosha kuuza sehemu. Alijua kabisa kinachotakiwa, alijua hawezi, akaumia, akaenda zake. Hatuambiwi kilichompata baadaye. Nadhani kama ningepata kumwuliza mtu mmoja wa Biblia swali, ningemwuliza yeye: ile huzuni ulikaa nayo muda gani? Iliisha, au uliizoea? Kuna siku uliamka ukakuta huikumbuki?

Kwa maana sisi tunatoka ibadani na furaha. Tumehubiriwa baraka, tumeombewa biashara, tumetoa sadaka kwa simu na ujumbe wa kuthibitisha umeingia papo hapo. Hakuna aliyetuhuzunisha. Na huenda huo ndio mpaka wenyewe, kama upo: kukoma kwa uzito ule ambao mtu aliubeba akijua amekataa kitu.

Nilimwambia dada yangu haya tulipokuwa tukipanga nini kifanyike na nyumba ya bibi. Kaka zetu wanataka kuzungusha ukuta na kuweka geti la chuma. Benki iko tayari kutoa mkopo. Nilisema nyumba ile haikuwahi kuwa na ukuta. Dada ni muuguzi, hana subira na watu wanaoomboleza vitu visivyo na mwili. Akaniuliza kama namjua bibi au namjua bibi wa kwenye fikra zangu. Akasema alikuwa akilala chumba kimoja naye likizo zote, na kila usiku alimsikia akiomba, kwa sauti, kwa majina yetu: tusome, tupate kazi, tusilale njaa, tusiogope usiku, tuwe na nyumba zenye milango inayofunga. Hakuomba kitu kingine. Alikipata chote. "Sasa wewe unataka turudishe?" akauliza. "Haya. Turudishe nini, na tumrudishie nani?"

Nikaanza kujibu. Yeye akanyanyua simu, maana fundi alikuwa anapiga, akitaka kujua urefu wa ukuta.